Kipimajoto kinajua joto lake chenyewe tu: uzi kuhusu upimaji wa halijoto, kuanzia dashibodi ya daladala hadi friji ya chanjo

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam. Naomba nafasi niandike kwa kirefu juu ya jambo ambalo nimelifanyia kazi kwa miaka mingi nikiwa fundi sanifu wa maabara ya shule ya sekondari hapa Dar es Salaam, na ambalo wiki iliyopita lilizua ubishi ndani ya daladala niliyopanda kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Ilikuwa saa nane mchana. Abiria mmoja alisoma kwenye simu yake kwamba joto la jiji ni nyuzi 32. Dereva akaonyesha namba iliyokuwa kwenye dashibodi: 38. Mama aliyeketi dirishani, upande wa jua, akasema kwamba hata hiyo 38 ni ndogo, na kwamba hapo alipokaa hapapungui 40. Kondakta akafunga mjadala kwa kutamka kwamba vipimo vyote vya siku hizi ni feki.

Nilishuka Kariakoo nikiwa na hakika kwamba hakuna kati yao aliyesema uongo, na kwamba kosa lilikuwa katika swali lenyewe. Walidhani liko joto moja linaloitwa joto la Dar es Salaam, na kwamba kila kipimajoto kinalisoma hilo hilo, kimoja kwa usahihi na kingine kwa kukosea. Sivyo. Kipimajoto hakina namna ya kujua joto la jiji, wala la mtoto, wala la friji. Kinajua joto lake chenyewe tu. Kazi yote ya upimaji, kwa miaka mia nne sasa, imekuwa ni kukifanya kipimajoto na kile tunachotaka kukipima vifikie joto moja, kisha kusoma kabla kitu kingine hakijaingilia kati. Mtu akilishika hilo, ubishi mwingi unakwisha, na makosa mengi ya nyumbani na kazini yanajitokeza yenyewe.

Nianze na daladala. Katika magari mengi kihisio cha joto la nje huwekwa mbele, nyuma ya bampa, karibu kabisa na barabara. Gari likisimama kwenye foleni juani, kihisio hicho hupokea joto linalopanda kutoka kwenye lami na linalotoka kwenye injini, kwa hiyo 38 ni joto la kweli la mahali hapo kilipo. Gari likikimbia kwa dakika kadhaa barabara ikiwa nyeupe, upepo hukipoza na namba hushuka. Yule mama alikuwa akipigwa na miali ya jua moja kwa moja, na mwili unaopigwa na jua hupokea joto ambalo halitoki kwenye hewa inayouzunguka. Simu haikupima chochote: ilileta namba iliyokokotolewa na kompyuta kwa ajili ya eneo pana, na namba za namna hiyo hukusudiwa kueleza joto la hewa kivulini.

Kivuli hicho nacho kina kanuni zake. Kwa utaratibu wa vituo vya hali ya hewa duniani kote, kipimajoto hukaa katika kivuli kinachopitisha hewa, kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini. Kivuli cha jadi ni kile kisanduku cheupe chenye kuta za vibao vya mshazari, ambacho waliosoma jiografia sekondari wanakikumbuka kwa jina la Stevenson. Alikibuni Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya kuongozea meli wa Scotland, katika karne ya 19. Weupe unarudisha miali ya jua, vibao vinaruhusu hewa ipite, na ule urefu unakiepusha na joto la ardhi. Ukikiweka kipimajoto hicho hicho ukutani juani, kitapima joto la kioo kilichochomwa na jua, na namba utakayopata haitalinganishwa na namba ya mtu mwingine yeyote.

Hata wataalamu hupotea hapa. Kwa miaka 90 vitabu viliandika kwamba joto kali kuliko yote lililowahi kupimwa hewani duniani lilikuwa nyuzi 58, huko El Azizia nchini Libya, tarehe 13 Septemba 1922. Mwaka 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta rekodi hiyo baada ya wataalamu kuzipitia upya karatasi za kituo. Kipimajoto kilichotumika kilikuwa cha aina inayoacha kipini kidogo ndani ya mrija kuonyesha joto la juu la siku, na mwelekeo wa ushahidi ni kwamba mpimaji asiye mzoefu alisoma ncha isiyo yake ya kipini hicho, akaongeza takriban nyuzi 7. Rekodi ikarudi Death Valley huko Marekani, nyuzi 56.7, ya tarehe 10 Julai 1913. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kila mwaka kabla hawajagusa kifaa chochote, kwa sababu El Azizia hakuna aliyedanganya. Mtu alisoma tu mahali pasipo pake.

Kabla ya vipimajoto, binadamu walikuwa na ngozi. Ngozi ni kihisio kizuri cha kutambua mabadiliko, lakini haifai kutoa namba. Jaribuni nyumbani: chukua mabakuli matatu, moja la maji ya barafu, moja la maji ya moto yanayovumilika, moja la maji ya uvuguvugu. Weka mkono mmoja kwenye baridi na mwingine kwenye moto kwa dakika moja, kisha itumbukize yote miwili katika uvuguvugu. Mkono mmoja utakuambia maji ni ya moto, mwingine utakuambia ni ya baridi, na yote miwili imo katika bakuli moja. Ndiyo maana mama anayetoka kuosha vyombo kwa maji ya baridi akamgusa mtoto paji la uso atamhisi ana homa kali kuliko atakavyohisi yule aliyekuwa jikoni kando ya jiko la mkaa.

Kifaa cha kwanza cha kuonyesha joto, kilichotumiwa na Galileo na wenzake huko Italia mwishoni mwa karne ya 16, kilikuwa mrija wa kioo wenye hewa juu na maji chini. Hewa ikitanuka maji yalishuka, ikisinyaa yalipanda. Santorio, daktari wa Padua, alikiwekea alama na kukitumia kwa wagonjwa. Tatizo ni kwamba mrija huo ulikuwa wazi upande wa chini, kwa hiyo ulisukumwa pia na kanieneo ya hewa ya nje. Siku ambayo hewa ilibadilika bila joto kubadilika, kifaa kilibadilika pia. Walikuwa wanapima vitu viwili kwa wakati mmoja bila kujua. Dawa ilipatikana Florence, katikati ya karne ya 17, pale mtawala Ferdinando wa Pili wa ukoo wa Medici na mafundi wake walipoweka kimiminika cha kileo ndani ya kioo na kukiziba kabisa.

Lakini kila fundi alikuwa na alama zake. Mtu wa Paris hakuweza kumwandikia mtu wa London kwamba leo kuna nyuzi kadhaa na akaeleweka. Hapa ndipo ninapomheshimu sana Daniel Gabriel Fahrenheit, fundi aliyezaliwa Gdańsk mwaka 1686, ambaye sisi tunaotumia Selsiasi huwa tunamtaja kama mtu wa kutusumbua tu. Mwaka 1714 alimpa mwanazuoni Christian Wolff vipimajoto viwili vilivyosoma sawa kwa kiasi kilichomshangaza. Wakati huo vifaa viwili kukubaliana halikuwa jambo la kawaida. Baadaye aliboresha matumizi ya zebaki, na mwaka 1724 akachapisha kipimio chake: sifuri ikiwa mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia, 32 ikiwa barafu na maji matupu, na 96 ikiwa joto la mtu mwenye afya. Baada ya marekebisho, joto la mwili likaja kuandikwa 98.6. Wanaonunua vipimajoto vya dijitali Kariakoo wafahamu hili: kifaa kikionyesha 98.6 mtoto hajaungua. Kimewekwa kwenye Farenhaiti, na mara nyingi kitufe cha kubadilisha kipo hapo hapo kwenye kifaa.

Anders Celsius wa Uppsala, Sweden, alileta kipimio chake mwaka 1742, na wengi hawajui kwamba alikiandika kinyume: maji yanayochemka yalikuwa 0 na barafu inayoyeyuka ilikuwa 100. Kilipinduliwa muda mfupi baadaye. Kilichonivutia zaidi kwake ni kwamba alichunguza kwa makini kama alama zake mbili zinaaminika mahali popote. Barafu aliiona haibadiliki, lakini kuchemka kwa maji kulifuata kanieneo ya hewa. Sisi wa Dar es Salaam tunaishi usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu kabisa na nyuzi 100. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kilele cha Kilimanjaro karibu na nyuzi 80. Maharage yanayoiva hapa kwa muda fulani yatachukua muda mrefu zaidi Mbeya kwenye sufuria ya kawaida, hata moto uwe mkali namna gani, kwa sababu sufuria inatokota lakini maji yake ni ya nyuzi 94.

Kwa ukamilifu niseme kwamba wanasayansi hawategemei tena maji kama msingi. Kuanzia tarehe 20 Mei 2019 kelvini, kizio cha kisayansi cha halijoto, inafafanuliwa kwa namba isiyobadilika inayounganisha joto na nishati ya chembe. Kwa mtumiaji wa kawaida haikubadilisha kitu.

Nije kwenye homa, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig, alichapisha mwaka 1868 matokeo ya vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, na kutoka kwake ndiko tulikopata ile 37 iliyokaa vichwani mwetu. Wakati huo vipimajoto vilikuwa virefu na mgonjwa alikaa navyo kwa takriban dakika 20. Thomas Clifford Allbutt wa Uingereza ndiye aliyetengeneza kifupi, mnamo 1867, kilichohitaji dakika 5. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1992 ulikuta wastani wa mdomoni wa watu wazima wenye afya ni 36.8, ukiwa chini kabisa alfajiri na juu kabisa jioni. Kwa hiyo hata mwilini mwa mtu mmoja hakuna namba moja. Iko namba ya kwapani, ya mdomoni na ya njia ya haja kubwa, iko ya asubuhi na ya jioni.

Miezi michache iliyopita nilimpeleka mwanangu wa mwisho kwenye kituo kimoja cha tiba jioni, kwa bodaboda, manyunyu yakiwa yanaanza. Mlangoni walimwelekezea kile kipimajoto cha bastola kwenye paji la uso. Kikasoma 35.1. Tukaambiwa hana homa, tukawekwa mwisho wa foleni, na baada ya saa mbili nikakata tamaa nikarudi nyumbani. Nikamkausha, nikaweka kipimajoto kwapani mpaka kikalia: 39.2. Asubuhi yake kipimo kikaonyesha malaria. Kile kifaa cha mlangoni hakikuwa kibovu. Kilisoma kwa usahihi joto la ngozi yenye maji, iliyopigwa na upepo wa bodaboda njia nzima. Bastola hiyo husoma miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Mwanaastronomia William Herschel aligundua miali hiyo mwaka 1800, alipopanga vipimajoto kwenye rangi za mwanga uliopita katika prizimu na kuona kwamba kile kilichokaa nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, kilipata joto zaidi. Kila kitu hutoa miali ya namna hiyo kulingana na joto la uso wake, na bastola huihesabu. Uso wake tu. Kilicho ndani ya mwili hakifikii.

Naomba wenye uzoefu waongeze, hasa wa afya na wafugaji.

Mchangiaji, muuguzi, Temeke

Ndugu mleta mada, pole kwa yaliyomkuta mwanao, na nakushukuru kwa kuandika bila kumlaumu yeyote. Naomba niongeze kwa upande wetu.

Kwa mtoto mdogo, kwapani ndipo tunapopima kwa kawaida, na nyuzi 37.5 au zaidi ndiyo homa. Makosa ninayoyaona kila siku ni matatu. Mzazi anaweka ncha ya kipimajoto juu ya nguo. Au anaiweka kwenye kwapa lenye jasho, na jasho linapoza. Au anakitoa mapema kwa sababu mtoto analia. Kausha kwapa kwanza, ncha iguse ngozi katikati ya kwapa, kisha ushike mkono wa mtoto uwe umebana kifuani mpaka kifaa kilie. Na mzazi akija kwangu akasema mtoto alikuwa wa moto sana usiku, siwezi kupuuza kwa sababu tu sasa hivi nasoma 36.9. Homa hupanda na kushuka, na dawa aliyopewa nyumbani inaweza kuwa imeishusha.

Vile vya zebaki tusivitumie tena. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulitaka utengenezaji na uingizaji wake ukome kufikia 2020. Chako kikivunjika, usifagie wala usishike kwa mkono. Toa watoto, fungua madirisha, kusanya matone kwa karatasi ngumu, uyafungie kwenye chupa yenye mfuniko.

Ulilosema kuhusu joto lake chenyewe tunaliishi kwenye mnyororo baridi, yaani utunzaji wa chanjo kwenye ubaridi unaotakiwa. Chanjo nyingi zinakaa kati ya nyuzi 2 na 8, na tunasoma friji mara mbili kwa siku, Jumapili ikiwemo. Ukifungua mlango, hewa ya ndani inapanda haraka, lakini chupa za chanjo hazijapanda. Kihisio kikiwa hewani kitakutisha bure, ndiyo maana vingine vimetumbukizwa kwenye kichupa cha kimiminika, ili vipate joto taratibu kama chanjo yenyewe. Na watu wengi huogopa joto wakasahau baridi. Chanjo ya pepopunda au ya homa ya ini aina ya B ikiganda imekufa, na ukiiyeyusha unaweza usiitambue kwa macho. Chupa nyingi zina alama ya mraba ndani ya duara, ambayo mraba wake hukolea kadiri chanjo inavyokaa kwenye joto. Ukifanana rangi na duara, chanjo haitumiki. Hicho ni kipimajoto kinachokumbuka. Lakini kinakumbuka joto tu, hakikumbuki kuganda.

Mchangiaji, mfugaji, Chanika

Wakuu, uzi huu umenigusa mfukoni. Nina mashine ya kutotolesha vifaranga ya mayai 300 niliyotengenezewa na fundi wa mtaani, ina taa na feni. Kipimajoto chake kinasoma 37.6 siku zote, kama vitabu vinavyotaka. Lakini vifaranga wanatoka siku ya 23, wachache, wengine wamelegea. Fundi anasema mayai yangu hayana jogoo. Nimeyapima kwa tochi, yana mbegu. Mleta mada, kosa laweza kuwa kwenye kipimajoto?

Mleta mada

Dada muuguzi, ahsante sana; hilo la kipimajoto kinachokumbuka nitalichukua darasani.

Ndugu mfugaji, kuchelewa kwa siku mbili ni dalili inayojulikana ya mayai kukaa kwenye joto dogo kuliko linalotakiwa. Kuna mambo mawili ya kuchunguza, na usiyachanganye. La kwanza ni mahali: kipimajoto kimekaa wapi? Kikiwa juu karibu na taa, kinapokea miali ya taa na kusoma joto kubwa kuliko la mayai, na kifaa cha kuwasha na kuzima nacho kitadanganyika hivyo hivyo kama kiko hapo. Kinatakiwa kiwe usawa wa mayai, mbali na taa, feni ikipuliza.

La pili ni kifaa chenyewe. Ponda barafu iliyotengenezwa kwa maji safi, jaza kikombe, ongeza maji ya baridi kiasi cha kujaza nafasi tu, koroga, tumbukiza ncha katikati bila kugusa kikombe, subiri dakika tatu. Kinatakiwa kisome 0. Jaribio hili ni zuri, lakini kwako halitoshi, kwa sababu kifaa kinaweza kukosea kidogo kwenye 0 na kukosea zaidi kwenye 37. Kwa hiyo chukua chupa ya chai, weka maji ya nyuzi 38 hivi, uweke kipimajoto chako pamoja na kile cha dijitali cha kupimia homa, ambacho ncha yake haiingizi maji. Vya homa vilivyotengenezwa vizuri hukosea kwa sehemu ya kumi tu ya nyuzi kwenye eneo hilo. Usikitumbukize hicho cha homa kwenye barafu, kwa maana hakikutengenezwa kusoma huko. Wenye biashara kubwa wanaweza kupeleka vifaa vyao kwenye maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pale Ubungo.

Mchangiaji, mwanafunzi wa chuo

Shikamoo mwalimu. Tumeambiwa kwamba maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi, na kwamba aliyegundua ni Mtanzania. Je, ni kweli, na kipimajoto kinasema nini?

Mleta mada

Marahaba. Nimefurahi umeuliza, kwa sababu kisa hicho kimepita hapa hapa Dar es Salaam.

Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba mwaka 1963. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na sukari, na kanuni ilikuwa kusubiri yapoe. Nafasi ya friza ilikuwa inakwisha, naye akayaweka yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Akalibeba swali lake mpaka Mkwawa, Iringa, ambako Dr. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha hapa Dar es Salaam alikwenda kutoa mhadhara. Mpemba akasimama akauliza kwa namba: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, kwa nini ya 100 yanaganda kwanza? Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanyike, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Mimi ni fundi wa maabara, na kila nikikumbuka kwamba kijana aliyechekwa darasani alipewa jaribio badala ya karipio, natamani kila mwalimu wa sayansi nchini akijue kisa hiki.

Ama kama ni kweli, mjadala haujafungwa, na kiini chake ni kile tunachozungumza hapa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walirudia majaribio na kupitia data za watangulizi, wasipate ushahidi wa kuwaridhisha. Walionyesha kwamba kukihamisha kipimajoto kwa sentimita moja hivi, juu au chini ndani ya chombo, kunatosha kufanya maji ya moto yaonekane yamewahi. Maji yanayopoa hayana joto moja. Yako tabaka tabaka. Pia kuna swali la maana ya kuganda: ni pale yanapofika 0, au yanapoanza kuwa barafu, au yanapokwisha kuwa barafu yote? Maji safi yanaweza kushuka chini ya 0 yakiwa bado maji. Wengine wameendelea kutetea kwamba katika mazingira fulani hali hiyo hutokea. Ukitaka kujaribu, weka vipimajoto vitatu katika kila chombo, chini, katikati na juu, vyombo vifanane, visikae juu ya theluji ya friza, kwa maana chombo cha moto huiyeyusha na kugusana vizuri zaidi na chuma cha chini. Na urudie mara nyingi.

Mchangiaji, mfugaji, Chanika

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Kipimajoto changu kilikuwa kimefungwa sentimita 10 tu kutoka kwenye taa. Kwenye barafu kimesoma 0.8. Kwenye chupa ya chai, cha homa kimesoma 37.7 na changu kimesoma 38.9. Nimejaribu mara tatu, tofauti ni ile ile.

Mleta mada

Umefanya vizuri kurudia. Basi kwenye eneo unalolihitaji kifaa chako kinazidisha kwa nyuzi 1.2, na uliposoma 37.6 hata hapo kilipokuwa palikuwa na 36.4, huku mayai yaliyo mbali na taa yakiwa chini zaidi. Kishushe usawa wa mayai, na kihisio cha kuwasha taa kishuke nacho. Andika kwa kalamu kwenye mlango wa mashine: toa 1.2. Kwa kifaa hicho, lengo lako sasa ni kusoma 38.8. Subiri mashine itulie kwa siku nzima ikiwa na trei za maji ndani kabla hujaingiza mayai, kisha usome kwenye pembe zote nne, kwa sababu feni ya mtaani mara nyingi huacha pembe moja ya baridi.

Mchangiaji, mfugaji, Chanika

Pembe ya nyuma kushoto ilikuwa chini kwa nyuzi 0.9. Nimegeuza feni, sasa imebaki 0.2. Mayai 280 yameingia Jumamosi jioni. Nitaleta mrejesho siku ya 21.